Tom Mboya na makuli wa Kilindini: nani alimpa ruhusa ya kuwasemea?

Wiki mbili zilizopita kijana wa jirani yangu alinijia barazani baada ya Isha. Anaendesha bodaboda ya kupeleka vyakula na vifurushi, kazi ya kuitwa kwenye simu. Akaunti yake ilikuwa imefungwa siku ya nne bila maelezo. Ofisi ya kwenda kulalamika hapa Mombasa hana, bosi wa kumuona uso kwa uso hana. Ana ujumbe mmoja tu kwenye simu unaomwambia asubiri.

Lakini hakunijia kwa ajili ya akaunti. Katika kundi lao la WhatsApp ametokea jamaa anayejiita mwenyekiti. Anataka kila mmoja atoe shilingi 200 kwa mwezi, naye ataongea na kampuni na serikali kwa niaba yao. Kijana aliniuliza kama mtu huyo ni wa kuaminiwa, na nani hasa aliyempa ruhusa ya kuwasemea.

Mimi nina stashahada ya usimamizi wa wafanyakazi, niliyoipata miaka mingi sasa, na nakiri kwamba darasani sikufundishwa jibu la swali hilo. Tulifundishwa sheria. Tom Mboya alipita kwenye madaftari yetu kwa mistari miwili: Waziri wa Kazi, Mkataba wa 1962, basi. Usiku ule nilimjibu kijana kwa kumhadithia habari za Mboya, na kwa kuwa hadithi ilikuwa ndefu nimeona niiandike hapa.

Watu wengi wakimtaja Mboya huanza na ndege za wanafunzi waliokwenda Marekani mwaka 1959, au na risasi za Nairobi. Sisi wa Pwani tuna sababu ya kuanza na Machi 1955, Kilindini.

Lakini kwanza tuwaeleze vijana kazi ya bandari ilikuwaje. Kuli wa zamani hakuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Alikuwa kibarua, na neno lenyewe ni barua ndogo, kile kikaratasi cha kazi ya siku. Asubuhi watu walijaa, na serahangi, yaani mnyapara wa genge, ndiye aliyechagua nani aingie melini na nani arudi nyumbani. Walikuwepo Waswahili wa mjini, Wamijikenda walioshuka kutoka mashambani, Washihiri wa Hadhramaut, na watu wa bara. Wengi wa hapa Pwani waliupenda utaratibu ule kwa sababu moja: mtu akifanya siku zake chache, akapata chake, masika ikinyesha anarudi shambani kulima. Wazungu waliuita uvivu. Babu yangu mzaa mama, Mdigo aliyebeba magunia kabla ya vita na baada ya vita, aliuita uungwana. Sitaingilia ugomvi wao.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kusimama kati ya kibarua na tajiri alikuwa serahangi. Alikuwa na nguvu kwa sababu mkononi mwake mlikuwa na mkate wa kesho. Mtu alimheshimu, akamletea chochote, akanyamaza. Hiyo nayo ni aina ya uongozi, na bado ipo.

Januari 1947 mji ulisimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi, bandarini, relini, mahotelini, hadi majumbani mwa Wazungu. Mikutano ilifanyika mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini. Aliyetokea kuwasemea ni kijana wa Kiambu, Chege Kibachia, na chama chao, African Workers' Federation, kilikuwa cha kila mfanyakazi, awe wa mwezi au wa siku. Watu walimkubali bila karatasi yoyote. Serikali haikumkubali. Agosti ya mwaka uleule alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Kabarnet, mbali na bahari na mbali na wafanyakazi wake. Baada ya hapo serikali ikaleta mshauri kutoka Uingereza wa kufundisha Waafrika vyama vya aina inayotakiwa: vidogo, kila kazi na chake, na vyenye adabu. Vikatokea vyama vilivyosajiliwa ambavyo kuli wa kawaida hakujua hata katibu wake ni nani.

Naomba msomaji aiweke hali hiyo akilini. Kulikuwa na milango miwili. Kibachia alifunguliwa mlango wa wafanyakazi, akafungiwa wa serikali. Wale wa vyama vya adabu walifunguliwa wa serikali, lakini mlango wa wafanyakazi hata hawakuubisha.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo karibu na Thika, kwenye shamba la mkonge la Mzungu. Wazazi wake walitoka Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria, na baba yake alikuwa mnyapara shambani. Mtoto alikua katikati ya watu wa makabila mengi, akajua lugha zao pamoja na Kiswahili, jambo lililomfaa baadaye kuliko shahada. Alisoma shule za Wakatoliki hadi Mang'u, akaishia njiani kwa sababu ya karo. Akajifunza ukaguzi wa afya katika Jeanes School, Kabete, na mwaka 1951 akaajiriwa na halmashauri ya jiji la Nairobi.

Hapo ndipo alipoonja mambo. Mkaguzi Mwafrika alifanya kazi ileile ya mkaguzi Mzungu kwa sehemu ndogo ya mshahara wake. Kulikuwa na chama cha wafanyakazi Waafrika wa halmashauri, chama cha chai na mazungumzo. Mboya akachaguliwa kukiongoza, akakigeuza kuwa chama cha kweli cha wafanyakazi. Nasisitiza hilo kwa sababu wengi humdhania kuwa mtu wa maneno matamu tu. Alianza na daftari la wanachama, ada zao, na madai yaliyoandikwa vizuri.

Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari. Viongozi wa kwanza wa wafanyakazi, akina Makhan Singh na Fred Kubai, walikuwa kizuizini. Mwaka 1953 Mboya, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vilivyosajiliwa, lile lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour. Shirikisho lenyewe halikuwa na meno kisheria. Lilikuwa mwavuli tu wa vyama, na kazi ya kudai mishahara ilikuwa ya kila chama peke yake. Aprili 1954, askari walipoizingira Nairobi na kuwasomba maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, vyama vingi vilibaki bila viongozi. Mboya akawa anaandika barua, anapiga kelele, anatuma habari kwa mashirika ya wafanyakazi ya Ulaya. Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku, kwa hiyo ofisi yake ndogo ikawa moja ya sehemu chache ambapo Mwafrika angeweza kulalamika na jina lake likaandikwa.

Ndipo likaja la Mombasa.

Mapema Machi 1955 makuli waligoma kwa ajili ya mshahara. Chama chao cha bandari kilikuwa kichanga, kimesajiliwa mwaka mmoja tu nyuma, na viongozi wake hawakuitisha mgomo wala hawakuweza kuuzuia. Maofisa wa kazi hawakusikilizwa. Wafanyakazi wa sehemu nyingine za mji wakaanza kujiunga, meli zikasimama, serikali ikaleta nguvu za polisi na askari. Watu walikumbuka 1947.

Mboya alikuja kutoka Nairobi. Tumtazame vile walivyomuona makuli: kijana wa miaka 24, Mjaluo, amevaa suti, hajawahi kubeba gunia, hana cheo chochote bandarini. Chama alichokuja kukisaidia kilikuwa hakisikilizwi hata na wanachama wake. Kwa upande wa pili, waajiri walimuona mchochezi kutoka mjini. Kisheria hakuwa na haki ya kumsemea mtu yeyote pale.

Alichofanya hakikuwa cha ajabu, ndiyo maana nakipenda. Alikwenda kwenye mkutano wa watu wenyewe, maelfu yao, akazungumza nao waziwazi. Akakaa na waajiri. Akarudi tena kwa watu kuwaeleza kinachowezekana na kisichowezekana. Kitu kigumu kuliko vyote ni kuwa aliwaambia warudi kazini huku madai yao yakipelekwa kwenye usuluhishi. Kuwaambia watu wenye hasira warudi kazini kabla hawajaona senti, mbele yao, ni mtihani. Angeweza kuitwa kibaraka, na mji huu una majina mabaya zaidi ya hayo. Walirudi. Usuluhishi ulipokuja ukatoa nyongeza ya karibu theluthi ya mshahara.

Siku hizo chache zilimbadilisha. Kwa makuli, yule mgeni alikuwa mtu aliyesema jambo likawa. Kwa waajiri na serikali alikuwa mtu ambaye ukikubaliana naye, watu wake wanakubali. Upande mmoja ulimhitaji kwa sababu upande wa pili ulimuamini. Idhini yake haikutoka kwa msajili wala kwa kura ya siku moja. Aliipata kwa kwenda na kurudi, kila mara akiwa na habari ileile kwa pande zote mbili. Makuli wasingemfuata kama angewaficha mambo, na waajiri wasingempa kiti kama asingekuwa na watu nyuma yake.

Mwaka uleule akaenda Ruskin College, Oxford, akasoma kwa mwaka mmoja, na 1956 akafika Marekani. Vyama vya wafanyakazi vya huko vikatoa dola 35,000 za kujengea makao ya shirikisho, Solidarity House, Nairobi. Hapo wapinzani wake walipata neno: anayelipwa na Mmarekani anamsemea nani? Swali lilikuwa halali, na halikumwacha mpaka kifo chake. Jibu lake lilikuwa kwamba wafanyakazi wa Kenya walikuwa maskini mno kujenga nyumba kwa ada zao. Ni kweli, lakini mimi naona pia kwamba fedha za mbali zinamfanya kiongozi asihitaji sana ile ada ndogo ya kuli, na asiyehitaji ada ya mtu husahau njia ya nyumbani kwake.

Sasa nije kwenye sehemu inayouma huku kwetu, ambayo haisemwi sana kwenye sifa za Mboya.

Miaka hiyohiyo ya hamsini, waajiri wa bandari na serikali walikuwa na mpango wa kumaliza ukibarua. Walitaka watu wachache, wa kudumu, wanaojulikana, badala ya umati wa asubuhi. Kila mtu wa siku aliyeandikishwa alitakiwa kuhudhuria siku za kutosha kila mwezi. Asiyehudhuria, jina linafutwa. Chama cha makuli kilivyopata nguvu na mishahara ilivyopanda, ndivyo waajiri walivyozidi kuona faida ya orodha fupi. Chama nacho hakikuwa na sababu ya kulilia orodha ndefu, kwa kuwa wanachama wake walikuwa wale waliobaki ndani. Kufika uhuru kuli wa Kilindini alikuwa miongoni mwa wafanyakazi Waafrika wanaolipwa vizuri nchini. Alhamdulillah kwa waliokuwemo.

Babu hakuwemo. Alikwenda shamba masika moja, Msambweni, akachelewa kurudi kwa sababu ya msiba na mpunga, na aliporudi jina halikuwepo. Hakumlaumu Mboya, na sidhani alijua kama kulikuwa na mtu wa kulaumiwa. Aliuza nazi maisha yake yote yaliyobaki. Lakini mimi niliyesoma naona wazi kilichotokea: yule aliyepata idhini ya kuwasemea makuli aliipata kutoka kwa watu wa mwezi na watu wa siku kwa pamoja, wote waliogoma 1955. Matunda yalipokuja, ya mtu wa mwezi yalikuwa makubwa, na mtu wa siku akatolewa mlangoni taratibu, bila kelele, kwa karatasi. Na wengi wa hao watu wa siku walikuwa wenyeji wa Pwani hii. Tukizungumza leo kuhusu nani anapata kazi bandarini na nani hapati, tunapenda kuanzia juzi. Tungeanzia hapo.

Siasa ya Mboya naipita haraka kwa kuwa inajulikana. Machi 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kiti cha Nairobi, akimshinda wakili Argwings-Kodhek. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima huko Accra akiwa na miaka 28. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Kazi, na Oktoba ya mwaka huo serikali, waajiri na shirikisho la wafanyakazi wakatia saini Mkataba wa Mahusiano Viwandani. Kwa ufupi, mwajiri akubali kukitambua chama, na chama kikubali kutogoma kabla ya kufuata hatua zote za mazungumzo. Mwaka 1964 ikaja Mahakama ya Viwanda, na jaji wake wa kwanza akawa Saeed Cockar. Ni Machi 1955 iliyoandikwa kuwa sheria: nenda, zungumza, rudi, kisha usuluhishi. Hata leo ukisoma sheria zetu za kazi unamuona kijana yule wa Kilindini katikati ya vifungu.

Halafu 1965. Shirikisho la wafanyakazi lilikuwa limegawanyika, upande mmoja wa watu wake, upande wa pili wa waliompinga, na bandari yetu ikawa uwanja wa ugomvi. Agosti mwaka huo wafuasi wa pande mbili walipigana hapa Mombasa na watu wakafa. Serikali ikafuta mashirikisho yote mawili. Kamati ya mawaziri chini ya Mboya mwenyewe ikapendekeza shirikisho moja tu, COTU, ambalo katibu mkuu wake angethibitishwa na Rais kutoka kwenye majina aliyopelekewa. Ada za wafanyakazi zingekatwa kwenye mishahara na waajiri.

Mimi humtetea Mboya mara nyingi, lakini hapa namuona amekaa upande ule mwingine wa meza. Mtu aliyepewa idhini na umati uwanjani alitengeneza chombo ambacho idhini yake ilishuka kutoka ikulu. Hoja yake ilikuwa umoja na amani, na damu iliyomwagika Mombasa ilimpa hoja hiyo. Ila chama ambacho ada yake inakatwa hata kabla mwanachama hajaona mshahara, na mkuu wake anahitaji jina lake likubaliwe juu, kitamtazama nani kwanza kikiamka asubuhi?

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka kwenye duka la dawa barabara iliyoitwa wakati huo Government Road, Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Mtu mmoja alihukumiwa na kunyongwa, na maswali ya nani aliyemtuma yakabaki. Alizikwa Rusinga.

Kijana wa jirani alisikiliza mpaka hapo, akaniuliza yeye ni nani katika hadithi hii, mtu wa mwezi au wa siku. Nikamwambia sheria bado inakwama kwenye swali hilohilo. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi, ahesabiwe mtu wa mwezi. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka uleule inataka chama kiwe na zaidi ya nusu ya waajiriwa ili mwajiri akitambue. Zote mbili zinaanza na neno mwajiriwa, na kampuni yake inamwita mshirika. Kanuni za 2022 za usafiri wa kuitwa kwa simu ziliweka mpaka wa asilimia 18 kwa kamisheni inayokatwa dereva wa abiria, lakini mpaka uliowekwa kwenye karatasi unahitaji mtu wa kuufuatilia. Kwa hiyo wale wanaojitokeza kusema, wenyeviti wa makundi, sako, vyama visivyosajiliwa, wako pale alipokuwa Mboya aliposhuka Mombasa: hawana ruhusa ya mtu yeyote.

Kuhusu shilingi 200 sikumwambia atoe wala asitoe. Nilimwambia amuulize mwenyekiti mambo matatu mbele ya wenzake wote: amekwisha kuonana na nani wa kampuni, alijibiwa nini hata kama ni vibaya, na wale ambao akaunti zao zimefungwa kabisa, wasioweza tena kulipa ada, bado anawahesabu? Hilo la tatu niliuliza kwa ajili ya babu.

Mkutano wao ulikuwa Jumapili, chini ya mwembe karibu na Makupa. Aliporudi aliniambia mwenyekiti alijibu mawili ya kwanza vizuri, tena akaonyesha barua. La tatu alinyamaza kidogo, akasema watalijadili. Vijana wanne waliofungiwa akaunti walikuwa wamesimama nyuma, hawajakaa, na mmoja wao ndiye aliyeinua mkono kuuliza wataitwa lini.